Ngumi Yangu Nyuma ya Injini

Wasomaji, nichekeni polepole. Ijumaa iliyopita, nyumbani kwetu Kosele, nilikuwa nikibadilisha kipimo cha joto cha lori la baba. Kipimo hicho hukaa nyuma ya injini, mahali panapofikiwa na mkono mwembamba tu kama wangu. Kesho yake nilikuwa nibatizwe, na kwetu Wasabato anayekutwa kazini baada ya jua la Ijumaa kutua, Sabato ikishaingia, husubiri ubatizo mwingine.

Kipimo kipya kilitaka kuniponyoka, nikakunja ngumi kukizuia. Mkono ukakwama. Jua likatua. Waumini wakaja kufungua Sabato uani, nami kwa haya nikaimba nao kichwa kikiwa chini ya boneti.

Wimbo ulipokwisha, mzee wa kanisa akauliza, "Kijana wa kesho yuko wapi? Atuombee."

"Niko huku, mzee. Injini imenishika."

Wote wakanizunguka. Baba akachukua spana, akakumbuka siku, akairudisha. Mzee akachungulia.

"Umeshika nini?"

"Kipimo, mzee. Nikikiachilia kitapotea."

"Hebu kiachilie."

Nikakiachilia. Mkono ukatoka bila hata mchubuko.

"Basi injini haikukushika, mwanangu," akasema mzee. "Ulikuwa kazini."