Kamuulize Mzawa Wako

Miaka tisa nilifundisha mpira Umwe, pale Ikwiriri, na miaka yote tisa waliniita mbeba mizigo. Sikukasirika. Mimi ni Mnyamwezi, na sisi na watu wa Rufiji ni watani. Babu zetu walishuka pwani na pembe za ndovu kichwani, na wajukuu wa waliowapokea bado wanatucheka. Nikipita Ikwiriri barabarani, mtu ananiita toka kibarazani, "We mla michembe ya viazi, leo mzigo umeutua wapi?" Nami namjibu, "Kwako, mkeo ndiye aliyeagiza." Tunacheka, napita zangu. Asiyejua utani angedhani tunataka kukunjana mashati.

Nilifika kwa barua ya uhamisho, mwalimu wa shule ya msingi mwenye sanduku moja la bati. Sikuwa na mke, na hata baadaye sikumpata. Jioni ya mtu wa namna hiyo ni ndefu jamani. Unapika, unakula, unaosha sahani moja, na jua bado lipo. Ndiyo maana nikaishika timu. Nasema kweli, sikuupenda mpira kiasi hicho. Nilipenda kuulizwa, "Mwalimu, kesho tupo?"

Na timu ya wakulima si lelemama. Mpunga ukianza kuiva, wachezaji wote wako bondeni, kila mtu juu ya dungu lake, kile kibanda cha kwenye miti mirefu, akifukuza ndege kutwa. Kocha mwingine angeivunja timu mpaka mavuno. Mimi nilivua viatu nikawafuata. Nilikuwa nakwea dungu la huyu, tunawapigia ndege kelele na kuongea mpira, kisha nashuka nakwenda kwa mwingine. Huko juu ndiko nilikowajua. Beki wetu wa kushoto alikuwa mkimya, kiboko apite chini ya dungu lake yeye haachi kutafuna muwa. Winga wetu alikuwa fundi wa chenga, lakini watu wakiwa wengi miguu inamfia. Mambo hayo sikuyaandika popote, nilikaa nayo kichwani.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka yalijaa, mitumba ikafika mpaka kijiji cha Mkongo, wanunuzi binafsi wa korosho wakaja na magari yao, na neno moja likawa halikauki midomoni: mzawa. Nani mzawa, nani si mzawa, nani apewe na nani angoje. Asubuhi moja tupo hotelini tunakunywa chai, redio ikatangaza kwamba timu ya taifa itafundishwa na Mzungu. Mwenyekiti wa timu yetu, ambaye ndiye aliyetununulia jezi kwa faida yake ya korosho, akasema, "Aje tu. Mpira hauulizi pasipoti."

Jazba ikanipanda. Ndivyo nilivyo, sina breki. "Haiwezekani!" nikasema, nimesimama kabisa. "Wimbo wa taifa ukipigwa ataimba nini huyo? Tukifungwa yeye anapanda ndege kwenda kwao, aibu anatuachia sisi. Benchi la nyumbani akae mtoto wa nyumbani!" Hoteli nzima ikanipigia makofi. Mwenyekiti akatabasamu, akachovya andazi lake kwenye chai. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, nami siku ile nilikuwa na mdomo wa watu wawili.

Mwaka huohuo tukaingia fainali ya kombe la wilaya, sisi na Mkongo, uwanja wa Kibiti. Umwe haijawahi kufika huko. Nitasema wazi nilichokitaka, maana kombe lenyewe lilikuwa la bati. Nilitaka kukaa kwenye lile benchi mbele ya wilaya nzima, mtu anioneshe kwa kidole na kumwambia mwenzake, "Yule ni wetu." Basi. Miaka tisa ya kuosha sahani moja, nilitaka neno hilo tu.

Siku tatu kabla ya mechi mwenyekiti akaja nyumbani kwangu. "Mbeba mizigo," akasema, "fainali benchini atakaa mpwa wangu. Katoka Dar jana. Anaishi huko, lakini kitovu chake kimezikwa hapa Umwe. Wewe mzigo umetufikishia, sasa tua."

Nikacheka mpaka nikapaliwa. "Natua," nikamjibu, "lakini Mnyamwezi hatui mzigo bila kitoweo."

Naye akacheka. "Si ulisema mwenyewe? Benchi la nyumbani akae mtoto wa nyumbani." Akaondoka, na kesho yake asubuhi akaniletea kambale wawili wakubwa. Niliwaunga kwa nazi nikala peke yangu, nikijipongeza kwamba leo nimemshinda utani.

Siku ya mechi niliambiwa timu imetangulia Kibiti alfajiri. Hilo nalo sikulitilia shaka. Nikavaa trakisuti yangu ya mtumba, nikapanda basi. Nafika uwanjani, mpwa yupo kwenye benchi, kofia kichwani, filimbi shingoni. "Haya inuka," nikamwambia, "utani umekwisha."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akanishika mkono kwa upole. "Mwalimu, tusiharibiane siku. Kambale si ulikula?" Nikawatazama wachezaji wangu. Kila mmoja alikuwa anafunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa.

Nikaenda kusimama nyuma ya goli, katikati ya watu wa Mkongo, na hakuna aliyenijua. Nilikuwa na uchungu hata nikaombea tufungwe. Astaghafirullah, niliomba hivyo. Hatukufungwa. Dakika tisini zikaisha sare, bao moja kwa moja, wakaenda kwenye penalti, na goli lenyewe ni lile nililosimama nyuma yake.

Penalti nne nne zikaisha, kila timu imekosa moja. Hapo kapteni wetu akanijia mbio, jasho linamtiririka. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, na dungu lake nililikwea mara nyingi kuliko yote. "Mwalimu, kocha anasema wa tano apige winga. Wewe unasemaje?"

Jibu nilikuwa nalo. Beki wa kushoto. Maneno matatu tu.

"Kamuulize mzawa wako," nikasema.

Akacheka! Wallahi alicheka, akadhani namtania. "Acha hizo mbeba mizigo, refa anatuita." Akabaki amesimama mbele yangu anatabasamu, anangoja nimalize utani nimpe jina. Mimi nikatazama pembeni, kwenye miembe. Refa akapuliza filimbi mara ya pili. Nilipogeuka, tabasamu lilikuwa limemtoka, na yeye alikuwa anarudi kwa wenzake akitembea.

Winga akapiga juu. Mkongo wakafunga ya kwao.

Kapteni hakumwambia mtu nilichomjibu. Kama angesema ningejua, Umwe hakuna siri. Walimlaumu mpwa, akarudi Dar, na mwenyekiti akaja kuniomba niishike timu tena. Nikakataa, nikaomba uhamisho, na ulipotoka nikafungasha sanduku langu la bati.

Asubuhi ya kuondoka kapteni alikuja bila kuitwa. Akajitwika sanduku kichwani, tukaifuata njia ya kituo cha basi, yeye mbele, mimi nyuma mikono mitupu. Mrufiji kambebea mzigo Mnyamwezi, barabarani, watu wanaona! Utani mkubwa kuliko huo haujawahi kutokea Ikwiriri. Nikangoja auseme. Nilikuwa nimeshaandaa hata jibu. Tukapita hoteli, tukapita msikiti, tukafika kituoni.

Akatua sanduku, akajifuta uso, akanipa mkono. "Safari njema, mwalimu," akaniambia, kwa heshima kama anavyoagwa mgeni.