Karani wa Teleksi

Karani wa teleksi katika ofisi yetu ya chai, Kericho, alipiga herufi kwa vidole viwili, na kila jioni, saa kumi na moja kamili, aliifunika mashine kwa kitambaa alichofuma mkewe. Kila asubuhi, kabla ya habari za mnada, alimwandikia karani mwenzake wa Mombasa, mtu ambaye hakuwahi kumwona kwa miaka kumi na miwili: “Kwetu mvua.” Mvua Kericho si habari, lakini mwenzake hakukosa kujibu: “Kwetu joto.”

Mwaka wa tisini na nane kampuni ilipata anwani ya intaneti, na ni yeye aliyepewa kazi ya kuwaarifu wanunuzi wote kwamba teleksi inafungwa siku hiyo. Aliwaarifu bila kukosea hata herufi moja. Kisha akamgeukia Winny wa kompyuta.

“Sasa huyu mtu wa Mombasa ataniandikia wapi?”

“Mzee, hiyo anwani ni ya kampuni. Wenye kupewa yao ni mameneja peke yao.”

“Basi wewe mwambie tu huku kunanyesha.”

“Aki mzee, hiyo si kazi ya ofisi.”

Alitikisa kichwa kukubali. Ilikuwa saa nne asubuhi. Akachukua kitambaa, akaifunika mashine.