Niliambia watu wa residency nachonga mawe peke yangu, hadi mke wangu akaja na beseni

Wakuu, poleni na baridi. Hapa Tabaka ukungu haujatoka na vidole vyangu vimechubuka, kwa hivyo naandika pole pole. Kisa ni changu na mwenye makosa ndani yake ni mimi, kwa hivyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni mchongaji wa soapstone, yale mawe laini ya kwetu Kisii. Baba alichonga, babu alichonga.

Kwa wasiojua: kwetu mwanamume anachonga, mwanamke anaosha.

Tunaita kuosha lakini si kama kuosha vyombo. Jiwe likitoka kwa panga na tupa limejaa vumbi jeupe, rangi huioni. Mama anakaa na beseni la maji na msasa, anasugua. Kwanza msasa mkali, halafu wa kati, halafu ule laini kabisa. Linakauka, linapakwa wax, ndipo rangi inatoka. Mke wangu, Mama Moraa, amefanya hiyo kazi tangu tuoane.

Sasa kuna nyumba moja huko Nyaramba, upande wa Nyamira, ilitangaza nafasi. Msanii mmoja anapewa chumba na chakula miezi mitatu, afanye kazi yake bila stress. Wanaiita residency. Mwenye kuiendesha ni Madam Salma, mzaliwa wa Kisii town, kwao wanauza vitambaa.

Kwa interview akaniuliza, "Hii kazi unafanya peke yako, mwanzo hadi mwisho?"

Nikajibu, "Peke yangu, Madam."

Ulimi hauna mfupa, wakuu. Chumba kilikuwa kimoja, mimi nikakitaka.

Nyumbani Mama Moraa akaniuliza, "Uliwaambia mimi hufanya nini?"

Nikamwambia, "Mambo ya kuosha wataelewa nini?"

Alichukua ndoo akaenda kukamua ng'ombe.

Nilipakia panga, tupa na visu. Kufika Nyaramba ndio nikagundua sijabeba hata kipande kimoja cha msasa. Sijawahi kubeba maishani mwangu!

Nikabuni ujanja. Kila Jumanne Madam akienda town dukani kwao, nilifunga vitu vidogo kwa gunia, sanamu za viboko na bakuli, nikatuma nyumbani na mtu wa bodaboda. Wiki inayofuata vinarudi viking'aa. Madam anavipapasa, anasema, "Mkono wako ni mwepesi sana." Mimi nacheka tu kama mjinga.

Na Mama Moraa alivisugua vyote bila kuuliza kitu. Hiyo inaniuma hadi leo.

Mwezi wangu wa tatu pale ikaja harambee. Paa la ile nyumba lilikuwa linavuja, na Madam alisema wazi kwamba zisipopatikana pesa za mabati, hakuna msanii mwingine atakayeletwa.

Marafiki wa ng'ambo wakatuprintia banner imeandikwa "Midsummer". Sisi tumevaa sweta mbili mbili, banner inasema kiangazi. Tukaitundika hivyo hivyo, banner ni banner. Siku ikawekwa Jumapili alasiri, maana huku kwetu ukiweka harambee Jumamosi utachangiwa na viti. Wasabato wote wako kanisani.

Kazi ya kuuzwa mwisho, ile kubwa, ilikuwa yangu. Sanamu ya mama aliyebeba kikapu cha majani chai mgongoni, urefu wa kunifika kiunoni. Kuinua ni wanaume wanne. Hiyo haipandi bodaboda.

Nikampigia mke wangu. "Mama Moraa, njoo unisaidie hapa kidogo."

"Nikija, watu wataambiwa mimi ni nani?"

"Njoo tu, tutaona."

Akasema "yaya", ile hapana yetu iliyokauka, akakata simu.

Mimi nikapandwa na kiburi. Nikasema, kusugua ni kusugua, hata mtoto anaweza! Nikanunua msasa soko la Keumbu, nikajifungia na jiwe siku mbili nzima. Maji nilimwaga kidogo tu, nikaona yananichelewesha.

Ijumaa asubuhi jiwe likakauka. Wakuu, nilitamani kulia. Lilikuwa na mikwaruzo myeupe kila mahali, kama miguu ya mtu asiyepaka mafuta wakati wa baridi. Vidole vya yule mama wa chai nilikuwa nimevisugua hadi vikaungana.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwa mlango wa ofisi ya Madam Salma. Nilimwambia yote: magunia, bodaboda, interview. Nilikuwa tayari kufunga virago.

Madam akasema, "Hii ingekuwa kitambaa ningekurudishia sasa hivi. Mpigie mama huyo. Mwambie maneno uliyoniambia mimi, nikisikia."

Nikapiga, nikaweka loudspeaker. Nikasema. Haikuwa rahisi kumwambia mke wangu mbele ya mtu mwingine kwamba nililifuta jina lake kwenye kazi yetu.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kesho ni Sabato," akasema. "Nitakuja Jumapili asubuhi. Mniwekee maji mengi. Na Baba Moraa asiguse hilo jiwe tena."

Jumapili alifika na beseni lake mwenyewe na msasa umefungwa kwa leso. Alilipapasa jiwe, akaniangalia, akasema, "Ulikuwa unaua nyoka?"

Madam alicheka hadi akakaa chini.

Tukaanza. Yeye anasugua, mimi namwaga maji na kugeuza jiwe nikiambiwa. Vile vidole vilivyoungana alivitenganisha upya kwa ncha ya kisu. Nilikuwa sijui anajua kutumia kisu.

Wageni walianza kufika kabla hajamaliza. Viti vilikuwa kwa tenti, lakini wote walikuja kusimama pale uani. Rangi ilikuwa inatoka, waridi iliyokolea, na mshipa wa kijivu unapita katikati ya kikapu. Mzee mmoja mkulima wa majani chai akamuuliza Mama Moraa huo mshipa ameupaka na nini.

"Sijapaka," akasema. "Ulikuwa humo."

Mnajua harambee zetu. Ukinunua kitu unakirudisha kiuzwe tena. Mkungu wa ndizi uliuzwa mara tatu siku hiyo. Jiwe letu yule mzee alilinunua, akalirudisha. Mwalimu mmoja wa Nyamache akalinunua, akalirudisha. Mgeni wa heshima ndiye aliyeenda nalo, na mabati yakapatikana.

MC akaita, "Msanii asimame tumwone!"

Nikasimama. Ni mazoea. Kisha nikamwona Mama Moraa nyuma ya tenti anamwaga maji machafu.

Nikachukua mic. Nikasema, "Tuko wawili. Mwingine ni yule mwenye beseni, na nilipokuja hapa nilidanganya kwamba niko peke yangu."

Wachongaji wenzangu waliokuja kutoka Tabaka walinicheka, sitaficha. Mmoja akaniita mwoshaji hapo hapo. Lakini akina mama walipiga vigelegele, na mke wangu akasimama na beseni mkononi, hajui aliweke wapi.

Muhula uliofuata Mama Moraa aliomba kile chumba yeye mwenyewe. Alitaka kuchonga, si kuosha tu. Nilimsindikiza hadi kwa interview, nikakaa nje ya mlango, nasikia.

Madam Salma akamuuliza swali lile lile. "Hii kazi unafanya peke yako?"

"Hapana," akasema. "Mume wangu ndiye amenifundisha kushika panga."

Mimi hapo nje niliangalia viatu vyangu.

Sasa yuko Nyaramba, huu ni mwezi wake wa pili. Mimi niko nyumbani na watoto, ng'ombe na beseni. Jumanne mtu wa bodaboda huleta gunia. Nasugua na maji mengi, nimejifunza. Vidole ndio hivyo.

Funzo langu ni hili: mtu akikuuliza nani anakusaidia, taja jina lake kabla hajaja kujitaja mwenyewe.

Haya wakuu, uwanja ni wenu, nichekeni kwanza kisha mniambie. Wewe kazi yako, huwa inaoshwa na nani?