Krenki ya Shemeji

Jumatano, tarehe 11 Juni. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kutembea mikono mfukoni.

Fundi tunayemwita Bado, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila mteja anayeulizia gari, alikuwa ameifungua injini ya pikapu ya mdogo wake, Mama Pacha. Tangu awe mjane, pikapu hiyo ndiyo inayomlisha yeye na wanawe: husambaza mikate madukani. Wiki iliyopita injini ilianza kugonga, kisha ikazima njiani, mikate ikalala humohumo.

Pistoni zilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye krenki, ule mhimili mzito wa chini unaozungushwa na pistoni. Ulikuwa na mikwaruzo ya kina, ukipitisha ukucha unakwama. Mkereza vyuma aliupima akatikisa kichwa: ulishapunguzwa unene mpaka mwisho, ukipunguzwa tena utakatika. Krenki mpya zilizopo madukani Bado alizijua. Aliwahi kumfungia mteja mmoja, haikumaliza hata msimu.

Nyuma ya gereji kuna gari la marehemu shemeji yake, lenye injini ya aina ileile. Ubavu wa dereva umebonyea hadi kwenye usukani, injini haikuguswa. Mama Pacha alikataza isitolewe hata skrubu. Bado angeweza kuichukua krenki akanyamaza, maana ndani ya injini nani angeiona? Lakini alimwita.

Mama Pacha alikuja na mwavuli, akasimama mlangoni.

"Kaka, usiniambie bado."

"Leo si bado. Naomba krenki ya shemeji."

"Hakuna nyingine?"

"Zipo. Zitakufikisha uendako. Kurudi sikuahidi."

"We mtu! Hata kudanganya hujui." Alicheka, kicheko kikamwishia mdomoni. "Watoto wakitoka shule hupitia kukaa mle, kiti cha nyuma."

"Najua. Huwa nawaacha."

"Haya, toa. Ila uikague vizuri. Ukiikuta ina ufa, mimi nitashukuru."

Bado aliitoa mchana. Aliiosha kwa mafuta ya taa, akaiacha ilowe, akaipangusa hadi ikakauka, kisha akaipaka chaki yote. Penye ufa mafuta hujipenyeza nje na kuchora mstari juu ya ule weupe. Mama Pacha hakuondoka. Aliketi juu ya tairi kuukuu, macho kwenye chaki, kama mtu anayemngoja daktari atoke.

Chaki ilibaki nyeupe.

"Subiri kidogo," alisema Mama Pacha.

Wakasubiri. Mvua ilizidi juu ya bati, ikapungua.

"Nzima," alisema Bado.

"Kwa hiyo aliyevunjika ni yeye tu." Mama Pacha alisimama, akafungua mwavuli angali ndani, akatoka.

Asubuhi iliyofuata Bado alikwenda duka la vipuri. Kwa kuwa krenki ile haikuwahi kupunguzwa, ilitaka beringi za saizi ya kiwandani, zile ambazo mafundi hawaziulizii sana.

"Una bahati, fundi," alisema muuzaji. "Krenki ambayo haijaguswa, siku hizi utaipata wapi?"

Bado alifungua boksi palepale kaunta, akazigeuza beringi moja moja kwenye mwanga wa mlangoni, akarudi gereji kufunga injini.