Ubao wa Ng'ambo ya Barabara

Mstari wa saba ndio uliomchoma.

Mistari sita ya mwanzo ilikuwa ya kawaida. Kwaya ya watu wazima, Jumanne jioni, chumba namba mbili. Ufinyanzi, Alhamisi, banda la nyuma. Tamthilia mpya, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, ukumbi mkubwa. Kila miezi mitatu, kwa miaka kumi na tisa, ratiba ya kituo cha sanaa ilipitia mikononi mwa mwanamke huyu kabla raia yeyote hajaisoma, maana yeye ndiye aliyeiandika kwa brashi kwenye ubao mweusi wa langoni. Watu walishalisahau jina lake. Walimwita Mama Herufi, naye alikuwa ameridhika.

Sasa mstari wa saba ulisema: Warsha mpya, Uandishi wa Mabango kwa Brashi, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Chini yake palikuwa na jina la mwalimu. Lilikuwa jina la mdogo wake, wa tumbo moja, ambaye alikuwa hajasemeshana naye kwa miaka sita.

Aliichukua karatasi akaenda nayo moja kwa moja kwa mratibu. Mratibu huyu alikuwa na miezi sita tu pale kituoni, na katika miezi hiyo alikuwa amebadilisha makufuli, mapazia na watu wa kamati.

"Hii warsha nani kaileta?"

"Ipi, mama?"

"Usiniite mama kwa sauti ya kunibembeleza. Namba saba."

Mratibu akaivuta karatasi kwa kidole kimoja. "Ah. Mwalimu aliandika barua, akaleta picha za kazi zake, akajieleza vizuri. Kamati imempenda."

"Na mimi hamkuniona? Napita mlango huu tangu wewe hujaota ndevu."

"Hukuandika barua."

"Niandike barua ya kuwaambia kwamba naandika?"

"Ndiyo utaratibu. Ubao uwe tayari kesho mchana. Na tafadhali usibananishe mistari, wageni wanalalamika."

Hakuna mgeni aliyewahi kulalamika, na wote wawili walilijua hilo.

Asubuhi yake Mama Herufi aliupiga ubao msasa, akaupaka weusi mpya, akanyoosha mistari kwa kamba ya chaki. Kufikia saa saba ratiba nzima ilikuwa imekaa, herufi zimesimama wima. Ila katikati, kati ya namba sita na namba nane, paliachwa pengo.

"Umesahau moja," mratibu akasema.

"Sijasahau."

"Basi malizia."

"Mkono wangu haufiki hapo."

Mratibu alimkodolea macho, kisha akaenda kuchukua kalamu nene nyeupe ya ofisini akaujaza mstari mwenyewe. Maneno yalianza makubwa, yakaishiwa nafasi, yakamalizika yakipanda juu kama sisimizi. Waimbaji wawili wa kwaya waliokuwa wakipita walicheka wazi, na mratibu alijua anayechekwa ni nani. Kuanzia saa hiyo uadui ulikuwa wa hadharani.

Warsha ilikuwa ya kila mkazi. Jumamosi Mama Herufi alijiandikisha mezani kama wengine, akaingia chumba namba nne, akakaa kiti cha mbele kabisa. Kulikuwa na watu kumi na wawili: mshonaji, kinyozi, muuza dawa, walimu wawili wa shule ya msingi na wengine asiowajua. Mdogo wake alikuwa anapanga makopo ya rangi. Alipoinua kichwa, uso ukamkunjamana.

"Dada. Umepotea njia?"

"Nimekuja kujifunza. Si imeandikwa ni ya wote?"

"Karibu basi. Ila kimya."

Akaanza kufundisha, na alifundisha vizuri, jambo ambalo lilizidi kumkera dada mtu. Aliwaonyesha namna ya kuiviringisha brashi kati ya vidole, namna ya kuegemeza mkono kwenye fimbo, namna ya kutoa pumzi wakati wa kuvuta mstari. Kisha akasema, "Hii ya pumzi niliigundua mwenyewe, baada ya kuharibu mbao nyingi."

Mama Herufi akasimama.

"Mbao zipi? Mbao zangu! Na brashi zangu, na pumzi hiyo nilikufundisha mimi, sebuleni kwangu, unakula kwangu, unalala kwangu."

"Kaa chini, Dada."

"Sikai. Unawadanganya watu wazima."

Mdogo wake akaweka brashi mezani polepole. "Haya. Tuambiane ukweli mbele zao. Miaka minane nilijaza rangi ndani ya herufi ulizochora wewe. Umewahi kuniachia nichore hata nukta? Halafu ukuta wa maktaba ya watoto. Ulikuwa hospitalini unamuuguza shemeji, nikauandika peke yangu kuanzia juu mpaka chini, nikaweka jina langu kwenye pembe, dogo. Uliporudi ulifanya nini? Waambie."

Chumba kizima kilimgeukia Mama Herufi.

"Kazi ile nilipewa mimi," akasema.

"Nani aliifanya?"

Siku ile aliporudi alikuwa amekwenda na kitambaa chenye petroli akalifuta lile jina, akaandika la kwake. Hakuna aliyemwona zaidi ya mdogo wake, ambaye alifika na pakiti ya chakula akamkuta juu ya ngazi.

"Sasa sisi," kinyozi akauliza kwa upole, "tuendelee au tutoke?"

Aliyetoka ni Mama Herufi, tena kwa amri ya mratibu, aliyeitwa mbio na kufika akiwa tayari amekasirika. Akamwambia asikanyage tena kituoni, na kwamba ubao wa langoni hautamhusu kuanzia siku hiyo.

Siku tatu alikaa nyumbani anaosha brashi ambazo zilikuwa safi. Mume wake alimuuliza nini kimetokea, akamjibu kwamba hakuna. Angekuwa amezuliwa uongo angejua la kufanya: angekwenda kwa huyu na yule, angelia, angetetewa. Lakini mdogo wake alikuwa amesema kweli, na ukweli ule ulimzidishia hasira badala ya kumpoza.

Siku ya nne alikwenda kwa fundi baiskeli, ambaye banda lake linatazamana na lango la kituo.

"Huu ukuta wako una kazi gani?"

"Unanikinga jua la jioni."

"Upande wa nje?"

"Upande wa nje hauna kazi."

"Nipe."

Kwa siku mbili alisimama pale akiwauliza waliokuwa wakitoka kituoni, kisha akaandika. Herufi zilionekana tangu kona ya mbali.

Kwaya, Jumanne: ipo. Mwalimu huchelewa nusu saa, njooni taratibu. Ufinyanzi, Alhamisi: leteni aproni zenu, za kituo zimechanika. Tamthilia ya Ijumaa: haipo. Mwigizaji mkuu na mratibu hawaelewani. Warsha ya mabango, Jumamosi: ipo. Mwalimu alifundishwa na mwandishi wa ukuta huu.

Kufikia Jumatano watu walikuwa wanasoma ukuta kwanza, ndipo wanavuka kuingia kituoni au wanarudi nyumbani. Ubao wa langoni, uliobandikwa turubai lililochapishwa, ulikuwa bado unaitangaza tamthilia.

Mratibu alivuka barabara bila kutazama magari.

"Futa."

"Ukuta si wako."

"Unakiharibia kituo sifa!"

"Nionyeshe neno la uongo, nilifute sasa hivi. Kitambaa ninacho."

Mratibu akasoma juu mpaka chini, midomo ikichezacheza. Akamgeukia fundi baiskeli. "Wewe ndiye uliyeruhusu huu upuuzi?"

"Mimi nasoma ratiba tu, mkuu, kama wengine."

Alipeleka malalamiko kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Ofisa akaja, akasoma, akauliza kama aproni ya jikoni inafaa kwa ufinyanzi, akaenda zake. Mratibu hakurudi tena ukutani, lakini kila alipopita langoni alitema mate upande ule, na Mama Herufi alihakikisha mratibu anajua kwamba ameonekana.

Jumamosi ya tano ya warsha alivuka mdogo wake. Hakumsalimia. Alisimama kando ya fundi baiskeli akasema na ukuta.

"Ule mstari wa mwisho ufutwe."

"Ni uongo?" Mama Herufi akauliza.

"Ni nusu. Ongeza nusu ya pili au uufute."

"Nusu ipi?"

"Unaijua."

Akaondoka. Mama Herufi alimtukana kimoyomoyo wiki nzima. Ijumaa, bila kumwambia mtu, alipanda ngazi akaongeza mstari chini: Ukuta wa maktaba ya watoto uliandikwa na mdogo wangu, peke yake. Neno la mwisho alilifuta akaliandika upya mara mbili.

Kesho yake mdogo wake aliusoma akiwa amefunga mikono kifuani.

"Herufi ndogo," akasema.

"Nafasi ilikuwa ndogo."

"Nafasi hii yote?"

"Unataka au hutaki?"

Mdogo wake alimgeukia fundi baiskeli akamweleza shida yake: wanafunzi wamezimaliza mbao za mazoezi, na mratibu amekataza rangi isiguse ukuta wowote wa kituo. Nusu ya kushoto ya ukuta huu je? Fundi akamtazama Mama Herufi. Mama Herufi akatazama pembeni.

"Ukuta ni wa fundi," akasema. "Ngazi ni yangu."

"Naomba ngazi, Dada."

"Irudi safi."

Basi wanafunzi kumi na wawili wakavuka na makopo yao. Dada alifanya kazi kulia, akiandika ratiba ya juma lijalo, mdogo kushoto, wamepeana migongo. Haikupita saa moja mshonaji akasogea kulia akauliza kwa nini mstari wake unatetemeka. Mama Herufi alimshika kiwiko akakishusha.

"Huyo ni mwanafunzi wangu!" mdogo wake akapaza sauti.

"Basi mfundishe kushika brashi!"

"Nimemfundisha! Wewe ndiye unamchanganya!"

Fundi baiskeli akaingia bandani akawasha redio. Mshonaji alibaki katikati, brashi inamdondoshea rangi viatuni, na ndugu wale wakaendelea kufokeana juu ya kichwa chake mpaka saa sita, kila mmoja akiendelea kuandika. Walipofungasha vifaa vyao hawakuagana.