Kitenzi cha Makofi Matano

Bon, niseme tu, maana nimekaa na hii aibu miaka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisangani. Mkaguzi akikaribia kufika, nilikuwa nawaambia watoto: anayejua jibu ainue mkono wa kuume, asiyejua ainue wa kushoto. Darasa zima linaonekana lina akili, nami nachagua wa kuume tu. Walimu wengi tunafanya hivyo, hatusemi.

Siku ile mkaguzi alipofika, somo lilikuwa lile la wiki nzima: kukata vitenzi virefu vya Kifaransa. Kila silabi, kofi moja. Rac-com-mo-de-rons, yaani tutashona palipochanika: makofi matano, halafu unatamka neno lote bila kusimama. Kulikuwa na msichana mmoja, binti wa wavuvi wa kule maporomokoni, ambaye siku zote alikwama kwenye kofi la tatu. Wenzake walikuwa wanamcheka, na mimi nilikuwa nacheka nao. Nilimwonya mapema: "Wewe, kushoto tu."

Mkaguzi akaandika kitenzi hicho hicho ubaoni, mikono ikapanda. Wa msichana yule ulikuwa wa kuume, umenyooka, na macho yananiomba. Nikajifanya simwoni.

"Na huyu?" mkaguzi akauliza.

"Huyo hajui, monsieur l'inspecteur," nikajibu haraka haraka. "Bado anajikokota."

Msichana akashusha mkono, akaukalia. Nikamwita mtoto wa karani, akasoma bila shida, mkaguzi akanisifu. Na mimi, bila haya, nikafurahi.

Kesho yake asubuhi mama wa yule msichana akasimama mlangoni pa darasa, binti yake nyuma yake. Alinipa liboke, samaki aliyeokwa ndani ya majani, majani yangali ya moto.

"Aksanti sana, mwalimu," akasema. "Mutoto wiki muzima alikuwa anapiga makofi ya ile verbe, pale papa yake anashona nyavu. Jana amerudi nyumbani na furaha. Anasema ulimuita mbele ya mukubwa, akasoma yote."

Nilimtazama mtoto. Alikuwa anatazama viatu vyangu. Ningeweza kusema ukweli pale pale.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alisoma muzuri."

"Alors, musomee mwalimu tena," mama akamwambia. "Na mimi nisikie."

Akapiga makofi matano, polepole, akatamka neno lote bila kukwama popote. Mama yake akacheka kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeshika samaki wake kwa mikono miwili.