Ng'ombe Waliotoka Kwenye Maharage Yetu

Mama yangu, Epifania, alijulikana kijijini kwetu kwa kukumbuka. Watu wakibishana nani alioa mwaka gani, wanakuja kumuuliza yeye. Nami nilijivuna utadhani kumbukumbu zile ni zangu.

Asubuhi moja ya Februari, ukungu umetanda uwanda mzima, aliona ng'ombe wakitoka kwenye maharage yetu, na mtu nyuma yao. Shamba lilivurugwa vibaya. Kwenye mkutano wa kijiji akaeleza: kofia pana, fimbo imelazwa mabegani, mikono imetundikwa juu yake. Hakutaja jina, wala hakuna aliyeliuliza. Kwetu ng'ombe wakiingia shambani, anayetajwa kwanza ni mfugaji Msukuma, na tuliyekuwa naye ni mmoja tu, Meshack. Aliapa kwamba siku hiyo hakutoka nyumbani. Akapewa mwezi mmoja ahame na familia yake. Nilipiga makofi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilipiga.

Wiki mbili baadaye akaja mjomba Polikarp, mdogo wake mama, amenywea.

"Dada, wale walikuwa maksai wangu. Nilikuwa nawapeleka kulima, wakanishinda, wakaingia kwako. Mabegani nilibeba nira."

"Na kofia?"

"Kofia gani, dada? Nilikuwa kichwa wazi."

Mama aliniambia baadaye, karibu alie, kwamba hata sasa akifumba macho kofia anaiona.

Mkutano ulipoitishwa tena, akasimama, akasema amemsingizia mtu. Mjomba naye akaungama. Nikadhani yameisha. Jirani yetu Rhoda akadakia: "Dada, usimwonee huruma Meshack. Hata mimi nilimwona, na kofia yake." Asubuhi ile Rhoda alikuwa Kasanga, kule ziwani, kununua dagaa! Wengine wawili wakaapa walimwona pia, kwa maneno yaleyale ya mama, na sidhani kama kuna aliyejua kwamba anadanganya. Mjomba wakamwambia anamfichia dada yake aibu. Uamuzi haukubadilika.

Meshack alihama Jumamosi. Alipofika mbele ya nyumba yetu na mifugo yake, akasimama.

"Shikamoo, mama."

Mama akafungua mdomo, marahaba ikakataa kutoka. Meshack, akidhani hakusikika, akarudia kwa sauti zaidi:

"Shikamoo, mama."